Angekuja ningepika: sharti la Kiingereza katika masikio yetu

Mwanafunzi wa mashariki ya Kongo anapofika katika kitivo chetu amekwisha kukutana na sentensi za sharti katika lugha tatu, lakini amefundishwa katika mbili tu. Katika Kifaransa alikaririshwa tangu shule ya msingi kwamba «si» haipendi «-rais». Darasani kwetu kanuni hiyo ilituchekesha wote, maana kwa macho ya Kiswahili ubao ulikuwa umeandikwa kwamba kuna neno lisilompenda rais, na mwalimu aliharakisha kuufuta. Katika Kiingereza, alipofika sekondari, alipewa jedwali la vyumba vinne: sharti namba sifuri, la kwanza, la pili na la tatu. Kiswahili hakuna aliyemfundisha. Sharti la Kiswahili tulilikuta mdomoni, kama meno.

Ni jedwali hilo la vyumba vinne ninalotaka kulisema vibaya kidogo. Linasaidia kupita mtihani, sikatai. Lakini linaacha bila jibu swali ambalo kila darasa huliuliza: kwa nini Mwingereza akisema habari ya kesho anatumia wakati uliopita? «If he came tomorrow, I would cook.» Kesho iko mbele, «came» iko nyuma. Mimi nililisikia swali hilo likiulizwa sekondari, nikalisikia tena mwaka wa kwanza wa chuo, na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, andikeni.

Na kuna jibu baya zaidi ya hilo. Mwalimu mmoja, ambaye simtaji, alituambia katika oditwari kwamba kosa letu la kudumu, lile la «If I would know, I would come», linatoka katika lugha zetu za nyumbani, ambazo kwa maneno yake hazina mantiki ya kudhania jambo lisilokuwapo. Watu waliandika hayo katika daftari. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya sentensi za sharti, za Kiingereza na za kwetu, na ninayoyaleta hapa ndiyo niliyoyaona.

Tuanze na mistari mitatu ya Kiswahili sanifu:

Akija, nitapika.
Angekuja, ningepika.
Angalikuja, ningalipika.

Katika mstari wa kwanza mlango uko wazi: huenda akaja, huenda asije. Katika wa pili msemaji amesogea mbali na jambo lenyewe, haoni kwamba atakuja. Katika wa tatu jambo limekwisha pita, hakuja, na sufuria haikutelekwa. Sasa tuweke Kiingereza kando yake:

If he comes, I will cook.
If he came, I would cook.
If he had come, I would have cooked.

Jedwali la shule linazionesha hizi kama kanuni tatu za kukariri kila moja peke yake. Lakini ziangalie tena kutoka juu kwenda chini. «Comes» imekuwa «came», yaani imerudi nyuma hatua moja. Na «will»? Nayo imerudi nyuma hatua moja, kwa kuwa «would» kwa asili yake ni wakati uliopita wa «will». Anayebisha akumbuke kauli ya taarifa: mtu akisema «I will come», kesho yake tunasimulia kwamba «He said he would come». Kwa hiyo vishazi vyote viwili vimepiga hatua moja kurudi nyuma, pamoja. Katika mstari wa tatu vimepiga hatua ya pili, tena pamoja. Kila upande unapata alama yake, sawasawa na Kiswahili, ambacho hutia -nge- huku na -nge- kule, -ngali- huku na -ngali- kule.

Kifaransa nacho hufanya hivyo hivyo, na kinaonesha mshono wake wazi zaidi. «S'il vient, je cuisinerai» inageuka kuwa «s'il venait, je cuisinerais». Ile «cuisinerais» ni shina la wakati ujao lililoshonewa mwisho wa wakati uliopita. Basi «si» haimchukii rais wala mtu yeyote. Kishazi cha «si» hakikuwa na alama ya wakati ujao tangu katika mstari wa kwanza, kwa hiyo kinaporudi nyuma hakina cha kurudisha ila kitenzi chenyewe. Ningeambiwa hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, ningepona viboko kadhaa.

Tofauti ya kweli iko mahali pengine. Kiswahili kina alama yake maalumu ya jambo lisilo halisi. Ukisikia -nge- huulizi kama ni jana au kesho. Unajua kwanza kwamba jambo halipo. Kiingereza hakina alama ya namna hiyo. Kinachofanya ni kuazima. Kinachukua umbo la wakati uliopita, ambalo kazi yake ya kila siku ni kuonesha umbali wa saa, na kulitumia kuonesha umbali na ukweli. Wanasarufi wameliona hilo zamani. Sarufi kubwa ya Cambridge, iliyosimamiwa na Huddleston na Pullum na kutoka mwaka 2002, haina vyumba vinne. Inagawa masharti katika mafungu mawili, yaliyo wazi na yaliyo mbali. Sabine Iatridou, katika makala yake ya mwaka 2000, aliuita wakati huo uliopita kuwa wa bandia, na akaonesha kwamba Kigiriki cha leo nacho huazima vivyo hivyo.

Na kabla hatujawacheka Waingereza kwa kuazima, tujisikilize sisi wenyewe tukibisha hodi katika ofisi ya sekretarieti. Nani anaingia na kusema «Nataka saini»? Tunasema «Nilikuwa naomba saini», ingawa tunaiomba sasa hivi, na karatasi iko mkononi. Wakati uliopita unatusogeza nyuma hatua moja kutoka katika meza ya mkubwa. Mwingereza anayesema «I wanted to ask you» anafanya adabu hiyohiyo. Anayeelewa adabu ya mlangoni amekwisha elewa nusu ya sharti la pili.

Sasa lile kosa. «If I would know, I would come.» Mwanafunzi ana «ningejua, ningekuja» kichwani. Anaona -nge- mbili, anatafuta neno la Kiingereza linalofanana na -nge-, anapata «would», anaitia pande zote mbili. Hapa hakuna mantiki iliyokosekana. Kuna mtu aliyekuwa mwaminifu kupita kiasi kwa lugha ya mama yake. Tena hata wenye Kiingereza chao, hasa Marekani, husema katika mazungumzo «If I would have known», na walimu wao huwakosoa bure. Hao hakuna Kiswahili kilichowaharibu. Ulinganifu wa pande mbili unavuta lugha yoyote.

Dai la kwamba lugha fulani haiwezi kudhania si geni, na limekwisha kupimwa. Mwaka 1981 Mmarekani Alfred Bloom alitoa kitabu akisema kwamba Kichina, kwa kuwa hakina alama maalumu ya jambo lisilo halisi kama ile ya Kiingereza, huwafanya wasemaji wake wapate taabu kufikiri juu ya mambo yasiyokuwapo. Miaka miwili baadaye Terry Au alimjibu: hadithi zilipoandikwa kwa Kichina kinachosemwa kweli, wasomaji walielewa dhana hizo bila taabu kubwa. Nataja ubishi huo kwa sababu moja tu. Kama kipimo kingekuwa kuwa na alama maalumu, basi Kiswahili kingekuwa mbele na Kiingereza nyuma, kinachookoteza alama kwa jirani. Silisemi hilo kwa kujivuna. Nalisema ili anayetaka kutupima kwa fimbo hiyo aishike kwanza upande wa pili.

Lakini kuna jambo ambalo mistari yangu mitatu imelificha, na nisingependa lipite. Kile ni Kiswahili cha vitabu. Nyumbani kwetu, Kivu, husikii «angalikuja». -Ngali- mimi niliijua kanisani. Maneno ya Martha kwa Yesu aliyechelewa, katika sura ya 11 ya Yohana, ndiyo sharti la tatu la kwanza ninalokumbuka kulisikia, na lilinigusa kabla sijajua kwamba lina namba. Pia iko katika methali, ambamo wahenga walikifanya kitenzi kizima kuwa jina: ningalijua huja nyuma. Mitaani, -nge- ndiyo hufanya kazi zote. «Ungekuya jana, ungemukuta.» Neno «jana» ndilo linalotuambia kwamba mambo yamekwisha.

Matokeo yake ni kosa la aina ya pili, ambalo silioni likitajwa katika silabasi yoyote. Mwanafunzi wa kwetu anaandika «If you came yesterday, you would find him». Ametafsiri sawasawa lugha yake: alama moja, na neno «jana». Kiingereza kinadai hatua mbili, «If you had come yesterday, you would have found him», kwa sababu hatua ya kwanza imekwisha kutumika kuonesha kwamba jambo si halisi, na sasa inahitajika nyingine kwa ajili ya saa yenyewe. Nikimweleza mtu hivi, kwa hatua, huwa anaelewa mara moja. Nikimpa namba ya chumba, anauliza kama ni cha pili au cha tatu.

Hapo hapo niseme neno juu ya kanuni ya vitabu vingi vya shule kwamba -nge- iende na -nge- na -ngali- iende na -ngali-, na kuchanganya ni kosa. Kwa sentensi nyingi ni sawa. Lakini chukua kijana aliyeacha shule zamani: «Angalisoma, angekuwa daktari leo.» Sharti liko nyuma, matokeo yako leo. Kiingereza kina umbo hilo hilo, «If he had studied, he would be a doctor today», na hakuna anayemsahihisha. Kuwalazimisha watoto waandike «angalikuwa daktari leo» ni kuwanyima tofauti ambayo wanaihitaji.

Nimekaa sana kwenye -nge-, na bado sijafika kwenye kiambishi kinachonisumbua zaidi, ambacho ni -ki-. Jedwali la shule linasema kwamba -ki- ni «if». Na ni kweli, ila -ki- ni «when» vilevile. Katika mambo ya siku zote haidhuru: maji yakichemka yanatoa mvuke, uweke «if» au «when», mvuke ni ule ule. Kwa mambo yajayo hali inabadilika. Kwa Mwingereza, «if» inaacha mlango wazi, «when» inaahidi kwamba jambo litatokea. Kiswahili sanifu nacho kikitaka kuahidi kina «tutakaporudi», lakini umbo hilo kwetu ni la redio. Mtu wa kawaida anasema «tukirudi», na anabaki na siri yake.

Mwaka 2023, wakati wa likizo, nilitafsiri kwa siku chache katika kambi moja ya watu waliohama makwao, nje ya mji wa Goma. Mgeni aliyekuwa akiandika habari zao alijua Kiingereza tu. Mama mmoja aliyetoka upande wa Rutshuru alisimulia shamba lake, halafu akasema: «Tukirudi, nitapanda tena maharagi.» Mgeni alikuwa ameinua kalamu, ananingojea. Nikisema «if we go back», nimemfanya mama yule awe mtu asiye na hakika. Nikisema «when we go back», nimetoa ahadi kwa kinywa chake. Kiswahili hakikumlazimisha kuchagua, na mimi sikuona kwamba nina haki ya kumchagulia. Nikamuuliza: «Mama, ni kusema kama mutarudi, ao siku mutarudi?»

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. «Mutoto wangu, kurudi tutarudi. Siku njo sijue.»

Nikaweka «when». Mgeni akauliza papo hapo ni lini, mwezi gani. Ikanibidi nieleze kwamba «when» hii haina tarehe, na akaandika maelezo hayo pembeni ya ukurasa.

Baadaye kidogo mama huyo huyo alisema: «Kama tungekuwa na mutu wa kutuchunga, hatungekimbia.» Hapa tena ilikuwa -nge- yetu ya kazi zote. Ukiipeleka Kiingereza kwa hatua moja, inakuwa «If we had someone to protect us, we wouldn't flee», na msomaji wa mbali anafikiri mama anazungumza juu ya hali ya leo, kana kwamba anafikiria kukimbia na anaomba walinzi. Yeye alikuwa akizungumza juu ya usiku mmoja uliokwisha pita. Ni hatua mbili: «If we had had someone to protect us, we wouldn't have fled.» Ile «had had», ambayo darasani tunaiona kama kigugumizi cha Kiingereza, ndiyo iliyobeba usiku ule.

Nimesikia wenzetu wakisema kwamba sarufi ya masharti ni mapambo ya mtihani, na kwamba katika kazi watu huelewana tu. Pengine sokoni. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi za Kiingereza zinazidi kupita katika mikono yetu, na katika mikataba sharti ndilo kila kitu. «Should the buyer fail to pay» haina «if» ndani yake, na anayesoma kwa kutafuta «if» atapita bila kuona kwamba ameonywa. Kiingereza hufanya hivyo kwa maneno matatu, «should», «were» na «had»: kinaondoa «if» na kukitanguliza kitenzi mbele ya mtenda. Kwetu si jambo la ajabu. «Ningejua» haihitaji «kama», kwa sababu alama imo tumboni mwake. Kiingereza kwa kukosa tumbo kinatumia mpangilio wa maneno.

«Kama» yenyewe ingestahili makala yake. Mitaani kwetu mtu anasema «aliniambia kama atakuya», na maana yake ni kwamba aliniambia atakuja, hakuna sharti lolote. Mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo atangojea mwisho wa sentensi. Anayetafsiri «kama» ya Kivu kwa «if» kila anapoikuta anageuza habari kuwa shaka.

Mwaka huu, katika staji ya ualimu, nilipewa darasa la tano la sekondari na saa mbili za masharti ya Kiingereza. Jedwali sikuliandika. Niliandika «akija nitapika» na mistari yake miwili ya chini, nikawaomba wao wenyewe waniambie kila mstari umesogea wapi. Kwa -ngali- ilibidi nisaidie, ila msichana mmoja wa kwaya aliitambua. Halafu tukaweka Kiingereza kando, tukihesabu hatua. Mmoja akauliza kama «I wish I knew» nayo ni hatua moja. Ni hatua moja. Mwingine akauliza kwa nini «If I were you» na si «was», na nikamwambia kwamba hilo ni salio la umbo la zamani ambalo vitenzi vingine vyote vimelipoteza, kwamba «was» atalisikia pia kwa wenye lugha, na kwamba katika mtihani aandike «were».

Zilibaki dakika kumi. Nikaandika «Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji», nikawaomba waipeleke Kiingereza. Upande wa dirishani walitaka «when», kwa sababu wembe unazunguka na utafika kwa kila mtu. Upande wa mlangoni walitaka «if», kwa sababu wapo majirani ambao hawakunyolewa kamwe, na walianza kuwataja kwa majina. Nikawaomba wasiwataje. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana.